Mkono wa Kulia na Kisiwa cha Wafu

Machi 3

Mvua zimeanza. Tangu nitoke hospitali niko kwa mwanangu, na leo nimeamua kuandika maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinakwenda upogo kama mwanafunzi wa siku ya kwanza kwenye usukani. Wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine nilioachiwa nimshikie. Ulikufa ganzi nikiwa kazini, nimekaa pembeni ya mwanafunzi, nataka kumwambia akate kushoto na neno lenyewe likakataa kutoka mdomoni. Kiharusi. Gari langu la kufundishia lina breki upande wangu pia, ndiyo maana mimi na yule kijana tuko hai.

Mdomo umerudi. Mguu umerudi, unaburura kidogo. Mkono umegoma.

Machi 5

Mtaalamu wa viungo kanipa mpira wa sponji niuminye asubuhi, mchana na jioni. Nimeuminya. Haukuminyika.

Machi 9

Mwanangu ananikatia nyama vipande vidogo vidogo kama mtoto anayeota meno. "Pumzika, Mama." Nikinyanyuka kufuata maji, "Pumzika, Mama." Nikifungua dirisha, hivyo hivyo. Ana moyo mzuri, sikatai, lakini pumziko nimelipata mpaka nimelikinai.

Mkewe ndiye simwelewi. Anafanya kazi kampuni ya umeme, kitengo cha kupokea simu za wateja. Anarudi jioni, anavua viatu mlangoni, "Shikamoo, Mama," anakaa mbele ya runinga, anashika kidude chenye vitufe wanachokiita pedi, na kuanza kuua wafu. Wafu wanaotembea, wameoza nusu, wanakuja wanaguna. Anawapasua kwa shoka mpaka chakula kinapoiva. Mwanamke mzima, ana ndoa yake.

Machi 10

Mpira.

Machi 11

Mpira.

Machi 12

Leo nimeutupa mpira dirishani, kwa mkono wa kushoto, ukaangukia mtaro wa maji ya mvua na kwenda zake. Nikageuka, mkwe wangu amesimama mlangoni na mwavuli wake unachuruzika. Alikuwa ameona yote. Hakunisema. Alikaa chini, akaniwekea pedi mapajani.

"Shika."

"Mimi na magemu wapi na wapi?"

"Sijasema ucheze. Nimesema ushike. Gumba likae hapa juu ya kijiti, cha shahada kipite huku nyuma. Ukibonya huku nyuma, anapiga."

"Anampiga nani?"

"Anayekuja kukula."

Akaja mmoja, amevaa aproni ya mpishi. Nikatuma ujumbe kwenye kidole. Kidole hakikupokea. Mpishi akanila.

Machi 13

Nimekufa.

Machi 14

Nimekufa tena, mara ya mwisho kwa kuanguka kwenye ngazi bila kuguswa na mtu.

Machi 17

Nieleze vizuri, maana kesho nitasahau nilichokasirikia. Meli imezama, wewe umetupwa na maji ufuoni, upande wa kusini wa kisiwa. Wakazi wote wamekufa na bado wanatembea. Unatafuta maji, chakula, kitu cha kupigia, na kitanda, maana gemu halihifadhi ulichofanya mpaka ulale kitandani. Ukibonya kitufe cha katikati ramani inafunguka. Kisiwa kizima kimefunikwa ukungu, ila pale ulipokanyaga. Kila hatua inafumua ukungu kidogo.

Kijiti cha kushoto kinatembeza miguu. Cha kulia kinageuza macho. Hapo ndipo adha yangu ilipo. Natembea vizuri tu, lakini naangalia mawingu. Au naangalia viatu vyangu huku mtu ananitafuna bega. Mkwe wangu anacheka kwa pua. Amenipa jina huko ndani, naitwa Mwalimu. Skrini inaweza kugawanywa, yeye juu mimi chini, kwa pedi mbili, na anakimbia huku na huko kuniletea makopo ya maharage kama ananilea.

"Usiniletee," nikamwambia. "Nitatafuta mwenyewe."

"Utakufa njaa."

"Basi nife."

Nikafa njaa.

Machi 24

Nimetoka ufuoni. Nimepita gati, nimepita zahanati, nimeingia ofisi ya posta yenye paa lililotoboka. Mezani kulikuwa na redio. Nikaiwasha, ikasema sauti ya mwanamke, imechoka lakini imetulia: "Kama kuna anayenisikia, njooni kaskazini. Tuna maji. Tuna daktari. Njooni kaskazini." Kisha inarudia.

Nilikaa naisikiliza. Nikafungua ramani. Kaskazini yote ni ukungu.

"Kuna nini huku?" nikamuuliza mkwe wangu.

Alikuwa anakoroga chai. "Nenda ukaone," akasema.

Machi 25

Walikuja wafu watatu wakanikuta uchochoroni. Nimerudi ufuoni.

Machi 29

Mvua, mvua, mvua. Ukuta wa chumbani umetoa madoa. Mkono unauma kuanzia kiwikoni. Mtaalamu anasema maumivu ni dalili nzuri. Yeye ana mikono miwili.

Aprili 2

Siku ya kuandika yote.

Asubuhi nilikuwa peke yangu nyumbani. Niliamka na ari, nikasema leo navuka kiwanda cha chumvi. Ni jengo kubwa katikati ya kisiwa, wafu wamejaa kati ya mapipa, na njia ya kaskazini inapita humo humo. Nilikwenda kwa kunyata. Kidole gumba kilikuwa kinatii, si sana, nusu nusu, kama mwanafunzi mkaidi anayesikia lakini anajifanya hasikii. Nilipandisha macho, nikashusha macho. Nilimpiga wa kwanza kwa bomba la chuma, wa pili nikamfungia stoo. Nilipata kisu, nikapata bandeji, nikapata funguo za geti la nyuma. Jasho lilinitoka kama niko nje juani. Nikafungua geti. Upande wa pili kuna nyumba ya mlinzi, na ndani ya nyumba ya mlinzi kuna kitanda.

Nilikuwa nimeshika mlango wa nyumba ya mlinzi umeme ukakatika.

Nilikaa naitazama runinga nyeusi. Niliona uso wangu humo, mdomo upande mmoja umeshuka bado. Hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Nikachukua simu, nikatafuta namba ya kampuni ya umeme kwenye karatasi ya bili, nikapiga. Niliwekewa muziki. Nilisubiri kama anayesubiri hukumu. Muziki ukakatika.

"Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Nikaanza kumwaga. Nikasema mnatuchukulia kama wajinga, mvua ikidondoka tone moja mnakata, watu tuna shughuli zetu, mimi nilikuwa nimeshavuka kiwanda cha chumvi, nimeshafungua geti, nimebakiza kitanda.

Sauti ile ile ikarudi, chini kidogo:

"Mama?"

Sikuitambua sauti yake. Pale kazini anaongea kama mtu aliyepigwa pasi. Nikasikia na nyuma yake, watu wengi wanasema pole, pole, tunaomba radhi, kama kanisa la watu waliokosa.

"Umefika geti la nyuma?" akaniuliza.

"Nilifika."

"Kwa mkono upi?"

"Yote miwili."

Mara akarudi kwenye ile sauti ya pasi, nadhani mkubwa wake alipita: "Tumepokea taarifa yako, mafundi wako njiani. Samahani sana kwa usumbufu."

Aliporudi jioni alikuwa amelowa, uso umemshuka. Nilimwachia nafasi yake kwenye kochi. Nilimuuliza kama wanamtukana hivyo kila siku. Akasema mimi nilikuwa na adabu kuliko wengi. Nikanyanyuka kumpashia chakula, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyeniambia nipumzike.

Aprili 4

Kiwanda cha chumvi upya. Nimeshindwa.

Aprili 5

Nimeshindwa.

Aprili 6

Nimevuka. Nimelala kwenye kitanda cha mlinzi. Sikuwa na wa kumwambia, mkwe wangu alikuwa zamu. Nilimwambia paka wa jirani.

Aprili 10

Mwanangu kaingia akatukuta, mimi na mkewe, bega kwa bega, tunapasua. Nilikuwa nimepata shoka. Alisimama na mfuko wa mboga mkononi.

"Hivi unamfundisha mama yangu kuvunja watu vichwa?"

"Wameshakufa," mkewe akasema bila kugeuka.

"Presha yake ikipanda je? Ametoka hospitali juzi. Anahitaji utulivu."

"Muulize mwenyewe anahitaji nini. Yuko hapo, ana masikio."

Hakuniuliza. Alikwenda jikoni, akarudi na mpira mpya wa sponji, bado uko kwenye nailoni, akaniwekea juu ya goti. Mpira mwekundu. Mimi ndiye niliyemzaa mtoto huyu. Nilimfundisha kuendesha, nikampa gari langu la kwanza. Nilitaka kumjibu, nikaona nikifungua mdomo nitalia, na kulia mbele yake ndiyo kumpa sababu. Nikasema, "Asante, baba." Nimejichukia mpaka sasa.

Aprili 16

Kituo cha mafuta. Nyuma yake kuna gari, bovu la rangi lakini zima la injini. Nilicheka peke yangu. Nikasema hapa sasa mmenikuta kwangu.

Sikujua kuendesha.

Gari la huko mafuta yake yako kwenye kidole cha shahada cha kulia. Kidole changu kina hali mbili tu, kulala au kukurupuka. Nikigusa, gari linaruka kama limechomwa sindano. Nikiachia, linasimama. Nimegonga pampu, nimegonga nguzo, nimemgonga mfu na kwa bahati mbaya nikamwokota kwenye boneti, tukaenda naye mpaka mtaroni tunaangaliana. Nimefundisha mamia ya watu. Nimewaambia mahakimu na wauza maua, kanyaga kidogo kidogo, sikiliza injini. Leo mkwe wangu, ambaye hajui hata kupanga gia, amekaa pembeni yangu ananiambia, "Kidogo kidogo, Mama. Sikiliza injini."

Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza. Nikagonga ukuta.

Aprili 17

Ukuta.

Aprili 20

Umeme hakuna tangu asubuhi. Sikupiga simu.

Aprili 28

Leo nimeshusha kidole nusu. Nusu hasa. Kikabaki pale, kinatetemeka lakini kimebaki, na gari likatembea polepole katikati ya barabara kama linakwenda harusini. Nimevuka daraja. Ukungu wa ramani umefumuka mpaka mtoni. Mkwe wangu aliacha kucheza upande wake, akawa anatazama wangu tu. Aliuawa kwa kusimama, hakujali.

Mei 6

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Wananiita kula, siendi.

Asubuhi niliondoka mtoni na gari, tangi limejaa, shoka kwenye kiti cha pembeni. Nilipita mashamba, nikapita mnara wa redio, umeanguka. Barabara ikapanda. Nilikuwa naendesha vizuri, naandika hili kwa sababu ni kweli na hakuna atakayenipokonya. Kona nilizikata sawasawa. Redio ya gari ilikuwa inasema njooni kaskazini, tuna maji, tuna daktari, na mimi, mjinga mimi, nilikuwa najibu. Nakuja, dada, nakuja.

Gari likasimama.

Mafuta yapo. Magurudumu yanazunguka. Mbele barabara inaendelea, naiona, na milima naiona. Nikashuka. Nikatembea, miguu inakwenda lakini mtu haendi. Nikainua macho, yakatokea maandishi juu ya skrini: SEHEMU HII YA KISIWA BADO INATENGENEZWA.

Nilidhani nimekosea njia. Nikafuata ukuta ule usioonekana kuelekea mashariki, bega limegusa, mpaka baharini. Nikarudi. Nikaufuata kuelekea magharibi, kwenye kichaka, kwenye mawe, wafu wananifuata na mimi nawakata, mkono unawaka moto, mpaka baharini tena. Hakuna tundu. Hakuna mlango. Kando ya gari kulikuwa na kibanda chenye kitanda, nikalala humo nisipoteze nilichofanya. Nikafungua ramani, na kaskazini kote bado kuna ukungu.

Mkwe wangu aliporudi nilikuwa bado nimekaa hapo hapo. Aliangalia skrini, akaangalia uso wangu, akaweka mkoba chini taratibu. Nikajua.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja. Waliotengeneza gemu waliishiwa pesa, wakafunga ofisi. Halitamaliziwa."

"Na yule wa redioni?"

"Walimweka mwanzoni, walipodhani watafika."

"Umeniangalia ninavyohangaika tangu mvua zilipoanza. Umeniona nalilia gari lile. Ukaniambia nenda ukaone."

"Ningekwambia ukweli, ungeshika pedi?"

"Usinigeuzie maneno. Huyu mumeo ananifanya mtoto, nikasema angalau mwenzangu huyu hanifanyi. Kumbe wewe umenifanya mtoto zaidi. Yeye ananikatia nyama tu."

Alikaa chini sakafuni, hakuvua hata koti lililolowa. Nilitegemea ajitetee, aseme ni kwa faida yangu, na nilikuwa nimeshaandaa cha kumjibu. Hakusema hivyo.

"Kutwa nzima nawaambia watu mafundi wako njiani," akasema. "Sijui kama wako njiani. Mara nyingine najua hawapo. Ndivyo nilivyoagizwa kusema. Nimesema mpaka inatoka yenyewe. Ulivyoniuliza kuna nini kaskazini, ikatoka yenyewe. Halafu kesho yake ulikuwa umeshika pedi kabla sijaamka, nikaona haya kuirudisha. Na pia nilikuwa nimepata mtu wa kucheza naye."

Nilimwambia atoke mbele yangu. Nyumba ni yake, kwa hiyo nikatoka mimi.

Mei 7

Sijamsemesha.

Mei 8

Mvua. Sijamsemesha.

Mei 9

Ameniachia chai mlangoni. Nimeinywa.

Mei 12

Mwanangu kanipeleka hospitali kupimwa, maana bila cheti cha daktari sirudishiwi kibali cha kufundisha. Daktari akanipa kifaa nibane, nikabana. Akanipa sarafu niokote mezani, nikaokota, moja ikaniponyoka. Mtaalamu wa viungo akapiga mluzi, akauliza nimefanya zoezi gani. Nikasema mpira. Daktari akaandika, kisha akasema: maendeleo makubwa, lakini barabarani bado. Nirudi mwisho wa mwaka tuone.

Tuone. Nilitoka pale nimekaza meno.

Ndani ya gari mwanangu akasema, kwa ile sauti yake laini, "Mama, labda ni ishara. Umefanya kazi ya kutosha. Na lile gari la kufundishia linaoza tu uani kwako. Kuna mtu anakuja kulichukua Jumamosi."

"Mtu gani?"

"Mnunuzi. Tumeshaelewana. Sikutaka kukusumbua."

Vipangusio vya kioo vilikuwa vinakwenda na kurudi. Nikamwambia asimamishe gari. Akasema tuko kwenye mzunguko, Mama. Nikamwambia nimefundisha mzunguko huu kabla hajajua kufunga kamba za viatu, atoke njia ya pili asimame. Akasimama.

"Funguo za gari langu."

"Mama, usichukulie hivyo."

"Umeelewana na mtu kuhusu mkono wangu kabla mkono wenyewe haujamaliza kusema. Funguo, baba."

Alizitoa kwenye mfuko wa shati. Nilizipokea kwa mkono wa kulia. Vidole vilifunga. Nikamwambia nikipata nguo kavu narudi kwangu, nitapikia mkono huu huu, na nikivunja sahani nitaokota. Alikuwa na machozi. Ni mtoto mwema na alikuwa ameogopa, nimeliona hilo waziwazi leo. Lakini funguo sikumrudishia.

Mei 15

Mkwe wangu alikuwa anamenya vitunguu. Nikachukua kisu cha pili.

"Ukuta ule nimeufuata wote," nikamwambia. "Mashariki mpaka magharibi. Hakuna tundu."

"Wote? Mimi niliishia kwenye kichaka. Wafu wa pale ni wengi mno."

"Wamepungua."

Alicheka, akajipangusa macho, akasingizia vitunguu. Nikamwambia siku nyingine nikimuuliza kitu na hajui, au anajua na ni kibaya, aniambie hivyo hivyo kilivyo. Akasema sawa, Mama. Nikamwambia kitunguu anakikata vibaya.

Mei 20

Nilipaswa kuondoka leo. Mvua imepungua, barabara ya kwangu inapitika. Mwanangu alibeba begi hadi mlangoni, teksi ikaja, dereva akapiga honi. Mkwe wangu alikuwa na siku ya mapumziko, amekaa mbele ya runinga.

"Safari njema, Mama," akasema. Hakunitazama. Nikaudhika, nikaangalia skrini nimseme, nikaona kwa nini. Yuko juu ya paa la kituo cha mafuta na wafu wamejaa chini kama sokoni, na wengine wameshagundua ngazi.

"Shuka nyuma, upande wa mapipa."

"Wapo nyuma pia."

"Kwa nini hukukimbia mapema?"

"Nilikuwa nakuwekea mafuta kwenye madumu. Gari uliliacha kule kaskazini, nikasema ukirudi siku moja kucheza usikwame." Akapiga mmoja kwa shoka, shoka likavunjika. "Nitakufa tu, Mama. Nenda, mtu wa teksi anasubiri."

Honi ikalia tena. Mwanangu akasema, "Mama?"

Nilivua viatu. Nikakaa, nikachukua pedi ya pili, skrini ikagawanyika. Nikajikuta pale pale nilipolala, kwenye kibanda kando ya ukuta, gari mlangoni, pua imeelekea ukungu. Nikalirudisha nyuma, nikaligeuza. Kusini barabara yote iko wazi kwenye ramani, kila kona naijua.

"Usishuke," nikamwambia. "Panda kwenye bango. Nakuja."

"Mama, mwenye teksi nimwambieje?" mwanangu akauliza.

"Mwambie azime injini, aingie ndani anywe chai."

Nikashusha kidole, kidogo kidogo, nikisikiliza.